Tupewe Sababu: Shabiki, Refa na Chumba cha VAR



Usiku wa Ijumaa, tarehe 5 Aprili 2024, Ramadhani ikiwa imebakiza siku chache, klabu mbili za Tanzania zilitolewa kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Simba ilifungwa 2-0 na Al Ahly mjini Cairo, baada ya kufungwa 1-0 hapa nyumbani. Yanga ilitoka suluhu na Mamelodi Sundowns mjini Pretoria, kama ilivyotoka suluhu nao kwenye Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, wiki moja kabla, kisha ikatolewa kwa penalti 3-2. Maumivu yalikuwa ya nchi nzima. Lakini leo huwezi kukuta kijiwe kinachobishana kuhusu Cairo. Simba walifungwa, wakakubali, maisha yakaendelea. Pretoria haijaisha. Taja shuti la Stephane Aziz Ki mbele ya shabiki yeyote wa Yanga, atakuacha na ulichokuwa ukifanya ili akueleze upya.

Wengi wenu mnalikumbuka. Kipindi cha pili, Aziz Ki aliachia shuti, mpira ukagonga mtambaa panya, ukashuka karibu na mstari, ukadunda na kurudi uwanjani. Wachezaji wa Yanga walinyoosha mikono juu. Refa alikuwa Dahane Beida kutoka Mauritania, na mchezo ulikuwa na VAR, yaani waamuzi wasaidizi wa video. Tukio likapitiwa, bao likakataliwa. Yanga iliwaandikia CAF, shirikisho la mpira wa Afrika, ikitaka uchunguzi ufanyike. Matokeo yalibaki vilevile.

Sikuja hapa kuwaambia kama lile lilikuwa goli au halikuwa. Nimekuja na swali jingine. Kwa nini kipigo cha Cairo kilipona na suluhu ya Pretoria ikawa kidonda? Jibu langu ni kwamba shabiki wa mpira ana uvumilivu mkubwa kuliko anavyosifiwa. Anakubali kufungwa. Anakubali hata kosa la refa, maana amelelewa nalo tangu enzi za kusikiliza mpira redioni. Asichoweza kukimeza ni uamuzi unaotoka kwenye chumba asichokiona, uliotolewa na watu asiowasikia, usio na hata mstari mmoja wa maelezo.

Tuanze na mpira wenyewe, kwa sababu ubishi mwingi wa vijiweni unaanza kwa kutoijua sheria. Sheria inataka mpira mzima uwe umevuka mstari mzima, kati ya milingoti na chini ya mwamba, ardhini au hewani. Mzingo wa mpira ni sentimita 68 hadi 70, kwa hiyo kipenyo chake ni kama sentimita 22. Sasa fikirini mpira unapodunda. Unagusa ardhi kwa sehemu ndogo ya chini, huku tumbo lake limetokeza kila upande kwa sentimita 11 hivi. Maana yake ni kwamba mpira unaweza kugusa nyasi sentimita kumi nyuma ya mstari, ndani ya goli, kila mtu akaiona nyasi hiyo, na kisheria lisiwe goli. Tumbo la mpira bado liko juu ya ukingo wa mstari. Nimewahi kulieleza hili mbele ya watu waliotazama mpira maisha yao yote, wakanitazama kana kwamba naitetea Sundowns.

Kisha kuna kamera. Kamera ambayo haiko sawasawa na mstari wa goli inautazama mpira kwa pembeni, na kila pembe ina uongo wake: ikiwa upande mmoja mpira utaonekana umeingia, ikiwa upande wa pili utaonekana umebaki nje. Ongezeni mwendo. Matangazo mengi ya televisheni hupiga picha 50 kwa sekunde. Mpira unaokwenda mita 20 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya kawaida kwa shuti zuri, husogea sentimita 40 kati ya picha moja na inayofuata. Hiyo ni karibu mara mbili ya kipenyo chake. Picha ambayo ingemaliza ubishi huenda haikupigwa kabisa, kwa sababu ile nukta mpira ulipofika ndani zaidi iliangukia katikati ya picha mbili.

Dunia ililijua hili zamani. Tarehe 27 Juni 2010, Bloemfontein, katika Kombe la Dunia lililochezwa hapa hapa Afrika, shuti la Frank Lampard wa Uingereza dhidi ya Ujerumani liligonga mwamba na kudunda ndani ya goli kabisa, bila utata wa sentimita. Refa Jorge Larrionda wa Uruguay na msaidizi wake hawakuliona. Ujerumani ilishinda 4-1, lakini picha ya goli lile ilizunguka dunia nzima, na mwaka 2012 wasimamizi wa sheria za mpira wakaruhusu teknolojia ya mstari wa goli. Kule Brazil mwaka 2014 kila uwanja ulifungwa kamera 14, saba kwa kila goli, na refa akapata jibu kwenye saa ya mkononi ndani ya sekunde moja. Nayo si kamilifu. Juni 2020, katika mchezo wa Aston Villa na Sheffield United, kipa alivuka mstari akiwa ameubeba mpira, mfumo ukanyamaza kwa sababu miili ya wachezaji iliziba kamera, na wenye mfumo wakaomba radhi hadharani. Lakini ile ilikuwa mara yao ya kwanza kuteleza hivyo baada ya maelfu ya michezo.

Pretoria haikuwa na kamera hizo. Ilikuwa na VAR bila teknolojia ya mstari wa goli, na huu ndio mpangilio ambao klabu zetu zimekuwa zikikutana nao katika mashindano ya CAF. Yaani waamuzi wa chumbani waliulizwa swali la sentimita, wakapewa vifaa visivyoweza kupima sentimita. Na utaratibu wa VAR unasema wazi: kama ushahidi hautoshi kuonyesha kosa bayana, uamuzi wa uwanjani unabaki.

Kwa hiyo uamuzi wa usiku ule unaweza kutetewa. Nalisema hili nikijua kwamba ukumbi huu una wanachama wengi wa Yanga, na ninawaheshimu. Unaweza kutetewa kwa sheria, kwa hesabu na kwa utaratibu. Tatizo ni kwamba aliyepaswa kuutetea alinyamaza. Mtu wa Tandika au Mwanjelwa aliyekaa kwenye kibanda umiza aliona marudio ya televisheni kutoka pembe mbili tatu, kisha akaona mchezo unaendelea. Hakusikia chumba kilisema nini. Hakuambiwa ni picha ipi iliyotegemewa. Hakuambiwa hata kwamba uwanja ule haukuwa na kamera za mstari wa goli, jambo ambalo peke yake lingepunguza nusu ya hasira.

Pengo hilo halikukaa wazi hata saa moja. Usiku uleule simu zilijaa picha zilizogandishwa, zikakuzwa, zikachorwa mistari myekundu na ya njano na watu wasiojulikana, kila mmoja na mstari wake. Picha moja ilionyesha goli halali, nyingine ikaonyesha mpira uko juu ya mstari, na zote mbili zilitoka kwenye tukio lilelile. Asubuhi watu walikuwa wameshajenga maelezo kamili: nani kalipwa, nani kapiga simu, kwa nini timu fulani lazima ifike fainali. Sina ushahidi wa hata moja kati ya hayo, na ninyi hamna. Ila mtu akinyimwa sababu ya kweli hutafuta ya kwake, na mara nyingi anaipata ile inayomuumiza zaidi.

Niende Uingereza kidogo, kwa sababu kuna tukio moja kule linalonifundisha kuliko mijadala yote ya mezani. Tarehe 30 Septemba 2023 Tottenham iliikaribisha Liverpool. Matokeo yakiwa bado 0-0, Luis Díaz alifunga, mshika kibendera akainua kwamba ameotea. Chumbani, mwamuzi wa VAR Darren England alipitia akaona hakuotea. Goli lilikuwa halali. Lakini akili yake ilikuwa imeshika kwamba uwanjani goli limekubaliwa, kwa hiyo alipouambia uwanja kwamba ukaguzi umekamilika na kila kitu kiko sawa, alidhani anathibitisha goli. Refa wa uwanjani alisikia kwamba kuotea kumethibitishwa. Mpira wa adhabu ndogo ukapigwa. Sekunde chache baadaye watu wa chumbani waligutuka, mmoja akataka mchezo usimamishwe, lakini utaratibu unasema mchezo ukishaanza tena huwezi kurudi nyuma. Liverpool ikafungwa 2-1 kwa bao la kujifunga la dakika za nyongeza.

Hasira ya siku zile mnaikumbuka, maana vibanda vyetu navyo vina Liverpool wake. Watu waligundua kwamba England na msaidizi wake walikuwa wametoka kuchezesha mchezo Falme za Kiarabu wiki hiyohiyo, na hapo kila dhana ikapata mbolea. Chama cha waamuzi kikakiri kosa kubwa la kibinadamu. Tarehe 3 Oktoba sauti za chumba zikatolewa hadharani.

Mimi nilizisikiliza. Mnasikia watu wanaozungumza kwa haraka mno, mnasikia mtu akigundua amekosea, mnasikia fedheha ikimshuka kooni. Hakuna njama inayosikika hivyo. Mashabiki wa Liverpool hawakurudishiwa pointi, na wengi walibaki na uchungu, lakini mjadala ulibadilika kuanzia siku ile. Watu walianza kuzungumzia namna refa na chumba wanavyowasiliana, maneno gani yatumike, kwa nini mtu asiseme wazi "goli" au "si goli" badala ya "ukaguzi umekamilika". Yalikuwa mazungumzo ya kutengeneza kitu. Dakika chache za kinasa sauti zilifanya kazi ambayo taarifa za kuomba radhi za miaka mingi hazikuifanya.

Sasa weka uwanja wa Rades, Tunisia, mbele ya hilo. Tarehe 31 Mei 2019, mchezo wa pili wa fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Esperance ya Tunisia dhidi ya Wydad ya Morocco. Mchezo wa kwanza kule Rabat uliisha 1-1. Esperance wakatangulia. Kipindi cha pili Walid El Karti akaisawazishia Wydad, bao likakataliwa kwa kuotea, na marudio ya televisheni yakawapa Wydad sababu ya kulalamika. Wakamwomba refa Bakary Gassama wa Gambia aende kwenye VAR. Hapo ndipo ilipobainika kwamba VAR ilikuwa haifanyi kazi. Fainali ya bara zima, kifaa kimetangazwa, skrini iko pembeni ya uwanja, na haiwashi. Wydad walisema hawakuwa wameambiwa, wakagoma kuendelea. Watu walisubiri kwa zaidi ya saa moja, kisha Esperance wakakabidhiwa kombe. CAF ikaamuru mchezo urudiwe, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaifuta amri hiyo, na mwisho wa kesi zote ubingwa ulibaki Tunis.

Sijui kama kuna mfano mchungu zaidi ya huu katika mpira wetu. Kosa la kuotea lilikuwa kosa la kawaida la mshika kibendera, la aina tunayoiona kila wiki. Kilichoivunja fainali ni taarifa iliyokosekana. Laiti ingetangazwa kwenye vipaza sauti vya uwanja, kabla ya mpira kuanza, kwamba leo VAR haipo, Wydad wangekasirika lakini wangecheza.

Kuna watakaosema: shabiki wa Kiafrika anapenda njama, hata ukimpa sauti hataamini. Nalikataa hilo kwa nguvu zangu zote. Shaka yetu ina historia, tena historia iliyoandikwa kwenye hukumu. Novemba 2016, katika kufuzu Kombe la Dunia, refa Joseph Lamptey wa Ghana aliipa Afrika Kusini penalti dhidi ya Senegal, eti Kalidou Koulibaly ameunawa mpira, wakati mpira ulimgonga gotini. Afrika Kusini ilishinda 2-1. FIFA ilichunguza, ikamfungia Lamptey maisha kwa kupanga matokeo, ikaamuru mchezo urudiwe. Novemba 2017 Senegal ilishinda 2-0 kulekule Afrika Kusini na kwenda Urusi. Na mwaka 2018, mshika kibendera Aden Marwa wa Kenya, aliyekuwa amechaguliwa kwenda kwenye Kombe la Dunia hilohilo, alinaswa na kamera za mwandishi wa uchunguzi Anas Aremeyaw Anas wa Ghana akipokea dola 600. Hakwenda Urusi, na CAF ikamfungia maisha. Mtu mwenye kumbukumbu hizo akiuliza maswali, haki yake ajibiwe. Asiitwe mchonganishi.

Ila niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Kwa kila Lamptey mmoja kuna mamia ya waamuzi wanaokosea kwa sababu wao ni binadamu wenye macho mawili. Na sisi tunawatendea wote kama Lamptey. Waamuzi wetu wengi wana ajira nyingine, ni walimu, ni askari, ni watumishi wa halmashauri. Wanasafiri na basi kwenda kuchezesha, wanarudi na basi. Mmoja wao akikosea penalti moja, namba yake ya simu inasambazwa, mkewe anatukanwa sokoni, mtoto wake anazomewa shuleni. Hii si hasira ya michezo tena. Ni uonevu, na wanaoufanya ni watu wanaolalamika kwamba wameonewa.

Hapa nyumbani tuna neno moja linalomaliza kila mjadala: kubebwa. Yanga wanabebwa, Simba wanabebwa, inategemea unaongea na nani na ni msimu gani. Juni 2025 mchezo wa watani wa jadi, ule ulioahirishwa Machi, ulichezeshwa na waamuzi kutoka Misri. Naelewa kwa nini. Mtu wa mbali hana shemeji Jangwani kwa Yanga wala Msimbazi kwa Simba. Lakini tujiulize tumenunua nini hasa. Mmisri hakuja na macho bora kuliko ya Mtanzania. Alikuja na umbali. Na Beida pale Pretoria alikuwa na umbali huohuo, si Mtanzania, si wa Afrika Kusini, anatoka ukingo wa Sahara, na bado tulimshuku. Umbali haukuizuia shaka, kwa sababu umbali hauelezi kitu.

Angalieni namna tunavyoshughulikia makosa ya waamuzi kwenye ligi yetu. Taarifa inatoka, inasema mwamuzi fulani ameondolewa kwenye orodha kwa mizunguko kadhaa kwa kushindwa kutafsiri sheria kwa usahihi. Sheria ipi? Tukio la dakika ya ngapi? Alipaswa aone nini, na kwa nini hakukiona? Mara nyingi hayo hayamo. Shabiki aliyeumia anapewa adhabu ya mtu badala ya maelezo ya tukio. Refa mwingine, atakayekutana na tukio kama lile wiki ijayo, hajifunzi kitu. Adhabu ya namna hiyo inatuliza kelele kwa siku mbili, halafu inaongeza mafuta, maana sasa kuna uthibitisho rasmi kwamba tuliibiwa.

Tuna kazi moja nyingine ambayo ni ya wachambuzi wetu wa redio na televisheni, na nitaisema kwa kifupi. VAR haiulizi kama uamuzi ulikuwa sahihi. Inauliza kama ulikuwa na kosa la wazi kabisa, tena katika mambo machache tu, yakiwemo goli, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na mchezaji kuadhibiwa kwa kosa la mwingine. Ndiyo maana penalti moja inaweza kutolewa na isifutwe, na nyingine inayofanana nayo isitolewe, na chumba kisiingilie katika zote mbili. Inakera, nakubali. Lakini nusu ya kelele za Jumatatu zinatokana na wachambuzi wanaouliza swali la kwanza wakati chumba kiliulizwa la pili. Mwenye kipaza sauti cha redio anaweza kulirekebisha hilo bila kusubiri mtu.

Mashabiki wa nchi nyingine wamechoka zaidi yetu. Norway, Julai 2024, mchezo wa Rosenborg na Lillestrøm ulivunjwa baada ya mashabiki kurusha mipira ya tenisi na maandazi ya samaki uwanjani kupinga VAR. Uingereza, Juni mwaka huohuo, Wolverhampton walipeleka hoja ya kuifuta, wakashindwa kwa kura 19 kwa moja. Wasweden ndio walionivutia. Ligi yao kuu haikuikubali VAR, na sababu yake ni ya kikatiba zaidi kuliko ya kiufundi: klabu zao lazima ziwe mikononi mwa wanachama kwa zaidi ya nusu, wanachama wakalijadili jambo hili kwenye mikutano yao, wakawaagiza viongozi wapige kura ya hapana. Shirikisho likasalimu amri.

Sikubaliani nao. Mimi nataka VAR ibaki, na nataka ije kwenye ligi zetu zote. Nikikumbuka goti la Koulibaly siwezi kutamani turudi kwenye jozi moja ya macho. Lakini naionea wivu njia yao. Sisi nasi tuna utaratibu wa asilimia 51 za wanachama na 49 za wawekezaji. Tuna matawi mpaka vijijini. Mikutano yetu mikuu inajadili usajili, kocha, jezi, uwanja. Sijawahi kusikia tawi likipeleka ajenda juu ya namna maamuzi ya refa yanavyopaswa kuelezwa, ingawa hakuna jambo linaloongelewa zaidi kwenye mabenchi ya tawi hilohilo kila jioni.

Ajenda yenyewe si ngumu. Tukio lolote lililopitiwa na VAR, sauti yake na picha iliyotegemewa zitolewe ndani ya siku chache, kwenye ligi yetu na kwenye mashindano ya CAF, hata kama uamuzi ulikuwa sahihi. Hasa kama ulikuwa sahihi, maana shabiki akizoea kusikia chumba kinachofanya kazi vizuri, atakiamini siku kikishindwa. Uwanjani, refa akitoka kwenye skrini ashike kipaza sauti aseme alichoona. Kwenye Kombe la Dunia la Wanawake mwaka 2023, Australia na New Zealand, waamuzi walifanya hivyo. Aliyelipa kiingilio akaacha kuwa mtu wa mwisho kujua, ilhali kwetu mpaka leo mtu aliye nyumbani na televisheni anajua zaidi kuliko aliyepanda daladala tangu saa nane akakaa jukwaani. Na kabla ya kila mchezo itangazwe ni vifaa gani vipo na vipi havipo.

Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027 zinakuja Tanzania, Kenya na Uganda. Serikali zetu zinajenga viwanja, na ni vizuri. Lakini sijaona mjadala wa wananchi juu ya kamera za mstari wa goli kwenye viwanja hivyo, wala juu ya lugha ambayo refa atatumia kutangaza uamuzi mbele ya watu elfu sitini Kwa Mkapa. Ningependa mtu aliyekuja kutoka Kigoma alisikie kwa Kiswahili, dakika ileile, kwa sauti ya mwamuzi mwenyewe au ya mtangazaji wa uwanja. Hilo linahitaji kuamuliwa sasa, kwa barua, kwa mikutano, kwa maswali bungeni.

Nimebakiza jambo moja. Kila mara tunapojadili uamuzi, wanaozungumza ni viongozi wa klabu, wachambuzi na mashabiki. Mwamuzi hukatazwa, au hujikataza mwenyewe. Nimewaomba waandaaji tubadilishe hilo jioni hii: maikrofoni ianzie safu ya tatu, walipokaa waamuzi, kabla ya mtu mwingine yeyote. Na swali langu la kwanza kwao ni hili: mkijua kwamba kila mnachosema chumbani kitasikika nchi nzima siku tatu baadaye, mtachezesha kwa woga zaidi, au mtapumua?